Njia ya Ng'ombe Kwenda Mogogosiek

Tangu nirudi sijapiga msumari hata mmoja kwa utulivu. Kila anayeleta kiatu hapa kibandani anakaa kwenye benchi na kuuliza, "Fundi, hebu sema, ulifikaje kule?" Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila nikisimulia kuna mwingine anayeongeza chumvi yake. Jana nimesikia kwamba niliingia Mogogosiek nikiwa nimepanda fahali. Basi nimeandika. Someni mpitishiane, halafu mniache nishone.

Kwa yeyote atakayesoma bila kunijua: mimi ni fundi viatu wa soko la Sigowet, na viatu vyangu mwenyewe ni vya zamani sana lakini soli zake bado mpya. Ugonjwa wa kupooza ulinichukulia miguu nikiwa mtoto. Natembea kwa baiskeli ya magurudumu matatu ambayo pedali zake ziko juu, nazungusha kwa mikono. Soko lote linaiita Pijo, kwa sababu ikishuka mteremko inapiga kelele kama zile Pijo za abiria na kusimama kwake ni kwa rehema za Mungu.

Nina dada mmoja, Esta, aliyeolewa Mogogosiek. Binti yake Chelangat alikuwa akija kwangu kila likizo ya shule, na ndiye aliyekuwa akisukuma Pijo kwenye kilima cha kanisani huku akiniimbia nyimbo za darasani. Nampenda kama wangu. Sasa Chelangat amepata mchumba, na nyinyi mnajua desturi yetu ilivyo. Posa haifungwi bila imama, yaani ndugu wa mama. Ana kiti chake, ana baraka zake na ana ng'ombe wake katika mahari. Kiti hicho kikikaa wazi, wageni hawasemi amechelewa. Wanasema amekataa, na hakuna mtu mwenye akili anayeoa msichana ambaye imama wake amenuna.

Wageni walikuwa wamekuja mara mbili, na mara zote mbili kiti changu kilikuwa wazi. Mara ya kwanza magari yalinikataa, mara ya pili mvua ilinirudisha. Halafu jirani ya Esta akaja kununua mahindi sokoni kwetu, akanipa ujumbe wa mdomo: "Dada yako anasema wale watu wanaamini umemkataa kijana wao. Wanakuja mara ya mwisho. Anasema hata ukija umeviringishwa kama pipa, uje."

Sigowet hadi kilimani

Mlinipungia mikono pale stendi mkarudi kwenye shughuli zenu, mkidhani nimeondoka na gari la kwanza. Sikuondoka na la kwanza, wala la pili, wala la tatu.

"Buda, wewe panda," manamba aliniambia, "lakini hiyo mashine iache. Inakula nafasi ya watu watatu."

"Na nikifika Mogogosiek nitatembea na nini?"

"Si utapata mtu wa kukubeba."

Kuniambia niache Pijo ni kumwambia mtu mwingine aache magoti yake nyumbani. Nikiwa bado natafuta jibu la adabu, mwenzake alinishika makwapa kwa nyuma na kuninyanyua. Sharti langu mnalijua nyote: nisalimie kwanza, kisha unibebe. Mzigo ndio unaobebwa bila salamu. Nilimuuliza, "Kijana, tumesalimiana?" Akashtuka, akanirudisha kwenye kiti kwa kishindo, gari likaondoka.

Basi nikaamua kuzungusha pedali mwenyewe kuelekea Kapsoit. Barabara ile ni ile ambayo vyama vyote vipya vilipita kutuahidi lami, na wagombea wao wote waliahidi wakiwa ndani ya magari yenye vioo vimefungwa. Mteremko ulikuwa raha. Kupanda ndiko kulikonifundisha ukubwa wa nchi yetu. Nilikuwa katikati ya kilima, mikono inatetemeka, jiwe nimeliweka nyuma ya gurudumu, ndipo walipotokea akina mama wa kanisa wakitoka kwenye ushirika.

Walinizunguka. Mmoja akaniwekea mkono kichwani, na wote wakaanza kuombea miguu yangu ifunguke. Maombi ya akina mama wetu hayana haraka. Walipofika pumziko la kwanza niliwaambia, "Mama zangu, asanteni. Lakini miguu imengoja miaka arobaini, inaweza kungoja tena kidogo. Niombeeni gari."

Walicheka, kisha wakaombea gari kwa bidii ileile. Hawakuwa wamefika amina wakati pikapu ya maziwa iliyotoka upande wa Soin ilipotokea kwenye kona. Sisemi zaidi. Mimi naandika yaliyotokea tu.

Pamoja na maziwa hadi Kericho

Dereva wa pikapu alikuwa mtu wa staha. Alishuka, akanipa mkono na salamu ya kwetu, "Chamgei," nikajibu, tukaulizana habari za ng'ombe na za mvua, ndipo yeye na wale akina mama wakaniinua na Pijo yangu wakaniweka katikati ya madebe ya maziwa. Alinifunga kwa kamba kwenye vyuma vya pembeni ili nisicheze.

Mimi sikucheza, madebe ndiyo yaliyocheza. Kila shimo, vifuniko viliruka na maziwa yakanifikia kifuani. Kufika Kapsoit nilikuwa nimelowa. Kufika Kericho, na jua lilikuwa limewaka njiani, nilikuwa nimeganda. Nilishushwa karibu na soko, na kabla sijageuza Pijo wanawake wawili walinijia moja kwa moja.

"Mzee, mursik yako ni ya leo ama ya jana?"

Niliwaambia siuzi maziwa ya kibuyu, mimi ni abiria. Walinusa, wakatazamana, wakaondoka wakiamini nimewanyima. Mmoja aligeuka akasema, "Kama ni ya mteja mwingine, sema tu." Nilikwenda kwenye bomba nikajimwagia maji mbele ya watu wote wa Kericho.

Njaa ilinipeleka kwenye hoteli moja yenye ngazi mlangoni. Ngazi za hoteli zinanichekesha siku hizi. Wanaandika "Karibuni wote" juu ya mlango, halafu chini yake wanajenga ukuta. Nilikuwa nimesimamisha Pijo pale nikisoma ukarimu huo, ndipo bwana mmoja mwenye jogoo kwapani akasimama karibu nami. Alikuwa Wafula, mchuma chai wa mashamba makubwa, anarudi kazini kutoka likizo ya kwao upande wa magharibi.

"Nikusaidie?"

"Nisalimie kwanza."

Wafula akaweka jogoo chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mulembe, mzee wangu. Nyumbani hawajambo? Watoto? Mifugo?" Kisha akanipandisha, akamrudia jogoo wake, tukaketi meza moja.

Msichana wa hoteli alikuja, akanitazama mimi, akamuuliza Wafula. "Huyu mzee anakunywa nini?"

Wafula akamkodolea macho. "Sasa mimi nitajua aje? Kwani nakunywa na mdomo yake?"

"Mwambie huyu dada," nikamwambia Wafula kwa sauti kubwa, "kwamba nataka chai ya maziwa na chapati mbili, na kwamba sipendi kelele."

Msichana alifunika uso kwa trei akacheka mpaka mabega yakatikisika. Aliporudi chapati zilikuwa tatu, na maharagwe yalikuwa yamejaa sahani hadi ukingoni. "Hii ni ya msamaha," aliniambia, mimi mwenyewe, usoni. Tangu hapo kila alipopita aliniuliza kama ninaongeza chai.

Mvua ya mawe ya Kericho haikosi miadi. Ilishuka mchana, mabati yakalia hata hatukusikizana, na tulikaa pale hadi jogoo wa Wafula akalala. Ilipotulia, Wafula alisema shemeji yake anaendesha trekta ya shamba na anapeleka tela tupu njia ya Litein. Tela ile ilikuwa ya chini, nusu ya kimo cha lori, lakini bado ilihitaji kubebwa, na Wafula alikuwa amelishika sharti langu kama amri ya kanisa. Kunipandisha, mulembe. Trekta ikakwama matopeni, kunishusha, mulembe. Kunipandisha tena, nyumbani hawajambo? Tairi ya Pijo ikapasuka, tukashuka kuziba, akaniuliza tena habari za mifugo ambayo sina. Shemeji yake alidhani sisi ni watu wawili tuliopotezana zamani.

Tulipoagana Wafula alitaka kunipa jogoo. Nikamwambia nitampakata na nini, mikono ndiyo miguu. Akaona ni kweli, akanipa mkono mara ya mwisho, na safari hii hakunibeba.

Mnadani

Trekta iliniacha penye mnada wa ng'ombe kando ya barabara, kwa sababu hapo ndipo ilipokata kuingia shambani. Hapa ndipo naomba msome polepole.

Lori la ng'ombe lilikuwa limerudi kinyumenyume hadi kwenye kilima kidogo cha udongo. Kilima chenyewe hakikuwa cha Mungu, kilijengwa na watu: mawe yamepangwa pembeni, udongo umeshindiliwa katikati, na kimeinuka taratibu kutoka majanini hadi kulingana na sakafu ya lori. Vitu hivi viko kwenye kila mnada, nimeviona tangu utotoni, na sikuwahi kuvitazama. Siku ile nilitazama. Fahali mmoja mweusi alipanda pale akitafuna, hakuna aliyemshika makwapa, hakuna aliyemwambia aache kwato zake nyumbani. Aliingia ndani ya gari kama mwenye nyumba.

Nilikasirika, jamani. Nilikasirika hadi machozi yakanilenga, na sikujua nimkasirikie nani, kwa sababu fahali hana kosa. Kumbe tunajua kutengeneza njia! Tunajua sana. Mtu mmoja aliwahi kukaa chini akafikiria ng'ombe ataingiaje garini bila kuumia, akachukua jembe.

Hasira ilipotulia nilizungusha pedali. Nilisubiri ndama wa mwisho apite, nikamfuata. Pijo ilipanda ikilia, mikono yangu ikaungua, na nikaingia ndani ya lori. Peke yangu! Nina nywele nyeupe kichwani na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda gari bila mkono wa mtu mwilini.

Mwenye ng'ombe alikuja akachungulia. Alikuwa mzee mrefu mwenye koti zito na fimbo, Arap Too.

"Wewe mutu ya magurudumu, nani amekununua?"

"Bado natafuta mteja. Mnakwenda wapi?"

"Litein."

"Hata mimi."

Alicheka, akanisalimia vizuri, akakaa karibu nami juu ya nyasi kavu, mgongo kwenye ubao. Lori likaondoka na mazungumzo yakaanza, kwa sababu ukikaa na ng'ombe peke yao safari haiishi. Aliniambia kesho ana shughuli Mogogosiek, posa ya mtoto wa ndugu yake.

"Msichana ni mzuri, ana heshima. Wazazi wazuri," alisema. "Lakini kuna imama moja, anakaa upande ya Sigowet huko. Ai! Ile ni kichwa ngumu. Tumeenda mara mbili, kazi ya bure."

Nilishika breki ya Pijo ingawa haikuwa ikienda popote. "Labda alikosa gari," nikasema.

"Gari?" Arap Too alinitazama kwa huruma, kama mtu asiyejua mambo ya dunia. "Mutu akitaka kuja, anakuja. Hata wewe si uko hapa? Huyo amekataa tu, anaona haya kusema. Kesho kiti ikikaa bure tena, sisi tunaenda. Hatuwezi peleka nyumbani msichana na laana ya imama iko nyuma yake."

Mtaniuliza kwa nini sikusema mimi ni nani. Kwanza, imama hajitangazi katikati ya mavi ya ng'ombe. Maneno yake yana kiti. Pili, nilikuwa na haya, nanuka maziwa, na Pijo walikuwa wameifunga kwa kamba ya fahali isiteleze. Na tatu, niseme kweli, nilitaka kusikia zaidi. Nilisikia. Nilisikia kwamba nina roho ya jiwe, kwamba ninataka ng'ombe watatu badala ya mmoja, na kwamba hata kule Sigowet hakuna anayenisalimia. Hilo la mwisho lilinichoma.

Lakini kulikuwa na kubwa kuliko hilo. Chelangat angeachwa kesho, mbele ya watu, kwa kosa la kimo cha gari.

Litein ng'ombe wanashushwa kichinjioni, maana huko ndiko kuna kilima kingine cha udongo. Kwa hiyo nami nilishukia kichinjioni, nyuma ya fahali mweusi, nikiwapungia mkono wachinjaji waliosimama na visu. Mmoja aliacha kunoa. Nadhani mimi ndimi pekee niliyewahi kutoka mle kwa mlango wa mbele.

Litein hadi Mogogosiek, nikiwa nimening'inia

Nililala kwa mshiriki mmoja wa kanisa letu, nikala kimyet, ugali wetu, na mboga ya sageti, nikaamka mikono ikiwa imekakamaa. Asubuhi hapakuwa na gari la abiria. Mvua ya jana ilikuwa imegeuza barabara ya Mogogosiek kuwa uji, na magari madogo yaliyojaribu yalikuwa yamelala mitaroni. Wenye miguu walitembea. Chombo pekee kilichopita matope yale ni lori la majani chai.

Nililikuta penye kituo cha kununua majani, akina mama wamepanga foleni na magunia yao, karani akipima. Mnajua lori zile: ndani kuna vyuma vyenye ndoana, na magunia huning'inizwa safu kwa safu ili majani yasibanane yakaiva kabla ya kiwandani. Nikamwomba dereva.

"Haiwezekani, mzee. Hii ni ya majani. Mtu haruhusiwi."

Karani, mtu wa mzaha, alikuja akanizunguka akinichunguza. "Sisi tunachukua majani mawili na kichipukizi," alisema. "Hii ni shina. Tena ya kuni."

Foleni nzima ilicheka, nami nikacheka. Kisha nikawaambia ukweli, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. "Mimi ni imama. Posa ni leo, Mogogosiek. Nimekosa mara mbili."

Kicheko kilikatika kama kimefungwa swichi. Mama mmoja aliyekuwa mbele ya foleni alishusha gunia lake chini. "Koito ni leo, na imama yuko hapa Litein?" Akamgeukia dereva. "Wewe ndiye utasema umezuia imama? Nyumbani kwako hakuna wasichana?"

Dereva alitazama lori, akatazama mama, akanitazama mimi na mdomo wangu, maana mdomo wa imama una uzito kuliko kanuni nyingi. Alikuwa na mabinti watatu, baadaye aliniambia. "Huyo si abiria," hatimaye alisema polepole. "Huyo ni mgeni wa majani."

Sasa kunipandisha. Lori lile liko juu na matope yalikuwa yanateleza, watu wawili walijaribu wakaanguka na kunisalimia tena kutoka chini. Ndipo karani akatazama boriti inayobeba mizani. Aliondoa mizani, wakapitisha kamba nene juu ya boriti, wakafunga Pijo sehemu nne, na akina mama wa foleni wakavuta kwa pamoja kama wanaotoa ndoo kisimani. Niliinuka hewani nikiwa nimeketi, nikizunguka taratibu, naiona Litein yote. Mama mmoja alisisitiza nipimwe kabla ya kuingia. Karani akasema akinipima atalazimika kunilipa.

Ndani walitundika Pijo kwenye ndoana, mbele na nyuma, nami nimo. Nimesafiri sana, lakini sijawahi kusafiri laini hivyo. Mashimo yalipita chini bila kunihusu. Tatizo lilikuwa moja tu: lori la majani linasimama kwenye kila kituo, na kwenye kila kituo wakulima hawajamaliza kuchambua, na kila mmoja ana hadithi. Jua likapanda. Magunia yakazidi kutundikwa, kushoto, kulia, mbele ya uso wangu, hadi nikafunikwa kabisa na majani mabichi na sikuona chochote. Nilikaa kwenye giza la kijani nikimwomba Mungu na kumlaani kila aliyechuma chai asubuhi ile.

Kituo cha mwisho kabla ya kiwanda kiko chini ya boma la dada yangu. Lori liliposimama nilisikia sauti ninayoijua.

"Mama, hatuna ubaya na nyinyi," Arap Too alikuwa anasema. "Lakini tumengoja, kiti iko bure. Imama amekataa. Wacha sisi tuende."

Na nikasikia Esta analia, dada yangu ambaye halii ovyo.

Nilivuta pumzi yote iliyokuwemo katika majani yale. "CHAMGEI!"

Mtu akasema, "Hiyo ni nani?" Mwingine akasema, "Ni lori."

"Hamsalimii?" nikapiga kelele. "Imama anasafiri siku mbili, mnamwacha ananing'inia?"

Magunia yalianza kupokonywa. Mwanga ukaingia, kisha nyuso. Wa kwanza alikuwa Arap Too, fimbo mkononi, mdomo wazi. Alinitazama miguu, gurudumu, uso.

"Si wewe ni mutu ya ng'ombe?"

"Ndimi. Nina roho ya jiwe, na kule Sigowet hakuna anayenisalimia."

Alikaa chini palepale kwenye matope, koti lake zuri likaloa, akashika kichwa na kuanza kucheka, na kucheka kwake kulikuwa na kilio ndani. Esta alipiga vigelegele hadi mbwa wa jirani wakajibu. Halafu wazee wote wa upande wa pili walipanga mstari kando ya lori, wakanipa mkono mmoja baada ya mwingine, ndipo wakanibeba.

Kiti cha imama

Kiti kilikuwa pale ukutani, kigoda cha miguu mitatu, kimefutwa vumbi mara tatu kwa ajili yangu. Sikukikalia, nilisogeza Pijo mahali pake, na hakuna aliyeuliza. Tuliomba. Chelangat akaitwa, akaulizwa kama anawajua wageni hawa. Badala ya kujibu alinitazama mimi, na nikamwona tena yule mtoto wa kilima cha kanisani. Akasema, "Nawajua. Lakini niliogopa imama hatakuja." Nilipewa kibuyu, nikanywa mursik, nikawarushia matone ya baraka yeye na mchumba wake.

Walipofika kwenye ng'ombe wa imama, Arap Too alisimama mwenyewe. "Huyu achague. Hata ile mweusi ningempatia, lakini jana si ulimwona mahali tulimwacha."

Nikawaambia sitaki ng'ombe.

Nyumba iliguna. Imama akikataa ng'ombe wake amekataa ndoa. Nikainua mkono haraka. "Nataka njia ya ng'ombe. Pale kituoni, chini ya boma, mnijengee kilima cha udongo na mawe, kama kile cha mnadani, gari lirudi kinyumenyume lilingane nacho."

"Ng'ombe yako unaigeuza udongo?" Esta aliuliza, karibu kulia tena.

"Ng'ombe nitamchungaje, Esta? Nataka kufika. Chelangat atazaa, watoto watabatizwa, watatahiriwa, wataolewa, na kila mara kiti kitakuwa wazi na mtasema nimekataa. Mimi sijakataa kitu. Lori liko juu tu."

Wazee walitoka nje kushauriana, maana jambo kama hilo halijapata kusikika. Walikaa huko hadi chakula kikapoa. Waliporudi, Arap Too alisema wamekubali, kwa sharti kwamba kilima kihesabiwe kuwa ng'ombe, kisije kikadaiwa tena na wajukuu wangu.

Kurudi

Vijana wa pande zote mbili walichimba hadi wikendi. Mchumba wa Chelangat ndiye aliyebeba mawe makubwa, nikaridhika naye kuliko wakati wa maombi. Siku ya kuondoka pikapu ya maziwa ya kule Mogogosiek ilirudi nyuma hadi ikagusa udongo. Nilizungusha pedali, nikapanda, nikaingia. Walipiga makofi, nami nikajifanya mtu aliyezoea.

Nilipogeuza Pijo nikaona kuna mtu nyuma yangu. Alikuwa kogo mmoja, bibi mzee wa boma la jirani, magoti yamevimba, fimbo mbele, anapanda kilima kile hatua kwa hatua. Mwanawe alikimbia kumshika. Bibi akampiga kofi mkononi. "Niache! Si naona ni njia?" Akaingia, akaketi juu ya debe, akavuta shuka vizuri. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Sokoni," alisema. "Kila siku wananiletea vitu, na hawajui kuchagua viazi." Nyuma yake akaja mama mjamzito, na nyuma ya mama huyo mzee mwenye toroli la kabichi, analisukuma akipiga mbinja.

Haya, mmesoma. Sasa nyinyi marafiki zangu wa benchi, ambao mlikula kwangu na kunicheka: nimeongea na wenye magari, na chifu ametuonyesha mahali pa kujenga kilima chetu pale stendi, nyuma ya kinu cha posho. Tunaanza Jumamosi. Njooni na majembe na mawe. Asiyeweza kuchimba alete uji.

Na siku kikikamilika, ukinikuta pale napanda, usinikimbilie. Nisalimie tu.